Kujinyima Chakula kwa Saa 16 ili Kupunguza Uzito: Je, Hiyo Ni Swaumu?

 

SWALI:

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mimi ni mama wa miaka 44, naishi Kolandoto, Shinyanga. Nina kisukari na natumia vidonge. Nimenenepa sana, nikajiunga na kikundi cha WhatsApp kinachofundisha kufunga ili kupunguza uzito. Mlo wa mwisho ni saa mbili usiku, na sili tena mpaka saa sita mchana. Asubuhi nakunywa maji na chai ya rangi isiyo na sukari. Je, kwa kufunga huku napata thawabu za swaumu? Nadaiwa siku 12 za Ramadhani iliyopita, je, naweza kulipa deni na kupunguza uzito kwa pamoja? La mwisho, juzi nikiwa sokoni nilitetemeka na kutokwa jasho jingi mpaka nikakaa chini. Kwenye kikundi wakaniambia hiyo ni sumu inatoka mwilini, nivumilie. Muuguzi akaniambia niache mara moja, lakini yeye si Mwislamu. Nimsikilize nani?

JIBU:

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Tunamshukuru dada yetu kwa kuuliza. Tunaanza na swali lake la mwisho, kwa kuwa ndilo lisiloweza kusubiri.

1. Kutetemeka na jasho: si sumu, ni sukari imeshuka

Dada yetu, dalili ulizozieleza ni dalili zinazojulikana za sukari kushuka katika damu: kutetemeka, jasho jingi, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, kizunguzungu, na hali ikizidi mtu huchanganyikiwa na anaweza kupoteza fahamu. Baadhi ya vidonge vya kisukari, kama glibenklamaidi, huusukuma mwili utoe insulini hata kama mtu hajala. Ukimeza kidonge cha aina hiyo kisha ukakaa bila chakula mpaka mchana, dawa inaendelea kuishusha sukari ambayo haijaingizwa. Sindano za insulini zina hatari hiyo hiyo. Metformini ikitumiwa peke yake ni nadra kuleta shida hii, ndiyo maana ni lazima kwanza ujue unatumia dawa gani.

Hali hiyo ikitokea tena, usivumilie. Koroga vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari katika maji unywe, au kunywa nusu chupa ya soda ya kawaida yenye sukari. Subiri dakika 15, upime tena kama una kipimo, na ukipata nafuu ule chakula. Mgonjwa akipoteza fahamu, asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Hili si jambo dogo. Mwaka 2001 ulifanyika utafiti mkubwa uitwao EPIDIAR katika nchi 13, ukahusisha zaidi ya Waislamu 12,000 wenye kisukari. Ulionesha kuwa katika mwezi wa Ramadhani, matukio ya sukari kushuka vibaya kwa wenye kisukari cha aina ya pili yaliongezeka zaidi ya mara saba kuliko miezi mingine. Hao walikuwa wamefunga faradhi. Sasa vipi mtu ajiingize katika hatari hiyo kila siku, bila mpango na daktari, kwa jambo ambalo Allah hakumfaradhishia?

Allah (s.w.) ametukataza katika Suratul Baqarah aya ya 195 kujitia wenyewe katika maangamizi, na katika Suratun Nisaa aya ya 29 ametukataza kujiua. Mtume (s.a.w.) naye ameweka msingi mkubwa wa sheria kwamba haifai kujidhuru wala kuwadhuru wengine. Kwa hiyo hukumu yetu katika hili ni wazi: kwa hali uliyotueleza, acha mpango huo leo mpaka uonane na daktari. Wala usiache dawa kwa kujiamulia mwenyewe ili uendelee kujinyima chakula. Hilo nalo ni kosa lenye madhara yake.

2. Muuguzi si Mwislamu, je, nimsikilize?

Swali hili linawagusa wengi wa eneo lenu. Hospitali ya Kolandoto ilianzishwa na wamisionari wa Africa Inland Mission mwaka 1913, na mpaka leo iko chini ya kanisa la AICT. Waislamu wa Kolandoto na vijiji vya jirani wamezaliwa hapo na wanatibiwa hapo. Kama kila ushauri wa mtaalamu asiye Mwislamu utawekwa kando, wengi watabaki na ushauri wa mitandaoni.

Ni kweli kwamba baadhi ya wanachuoni, wakiwemo wa madhehebu ya Imam Shafii, waliposema mgonjwa ategemee kauli ya tabibu katika mambo ya ibada, waliweka sharti awe Mwislamu mwadilifu. Wengine walisema kinachotazamwa ni ujuzi na uaminifu wake. Imam Ibnul Qayyim alitoa hoja kwa tukio la Hijra: Mtume (s.a.w.) na Abu Bakr (r.a.) walimwajiri Abdullah bin Urayqit awaongoze njia kwenda Madina, naye wakati huo alikuwa mshirikina. Walimwamini kwa roho zao katika safari ambayo Makuraishi walikuwa wakiwasaka, kwa sababu alikuwa mjuzi wa njia na mwaminifu katika kazi yake.

Tena hapa suala lako ni jepesi zaidi, kwa kuwa muuguzi hakukuambia uache faradhi ya Allah. Amekuambia uache mpango wa kupunguza uzito. Hilo ni jambo la kidunia, na mjuzi wake ndiye anayeulizwa. Msikilize muuguzi, dada yetu, na ukiacha kikundi hicho utakuwa umefanya vizuri.

3. Kujinyima chakula si swaumu

Swaumu katika sheria ni kujizuia na vyenye kufunguza, kuanzia kuchomoza alfajiri ya kweli mpaka kuzama jua, kwa nia ya kumwabudu Allah. Tukiuweka mpango wa saa 16 mbele ya maana hii, tofauti zinaonekana.

Kwanza ni nia. Hadithi mashuhuri aliyoipokea Umar bin Khattab (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, inatufundisha kuwa amali huzingatiwa kwa nia zake. Aliyejizuia kwa ajili ya mizani amelenga mizani.

Pili ni wakati. Sisi tuko karibu na ikweta. Shinyanga alfajiri huingia karibu saa kumi na moja na nusu na jua huzama karibu saa moja jioni, hivyo swaumu ni takriban saa 13 na nusu hivi, mwaka mzima bila tofauti kubwa. Mpango wako unaanza saa mbili usiku na kuisha saa sita mchana. Umekula katikati ya mchana wa swaumu.

Tatu ni kinywaji. Maji na chai ya rangi, hata isiyo na sukari, vinafunguza.

Nne ni lengo. Suratul Baqarah aya ya 183 inatufahamisha kuwa tumefaradhishiwa swaumu ili tupate ucha Mungu. Mwili ukipata faida, hiyo ni neema ya ziada.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: hupati thawabu za swaumu kwa mpango huo, kwa kuwa si swaumu. Na si vizuri kuwaambia watu "nimefunga" wakadhani uko katika ibada. Sema tu kwamba hujala.

Hata hivyo, hatusemi kwamba mpango wenyewe ni haramu kwa kila mtu. Mtu mzima mwenye afya, asiyetumia dawa za aina tulizozitaja, akiamua kuacha chakula cha asubuhi ili apunguze uzito, asili ya jambo hilo ni ruhusa. Na akikusudia kuulinda mwili alioamanishwa na Allah, apate nguvu za kuswali, kulea na kutafuta riziki ya halali, basi jambo la ruhusa huwa na thawabu kwa nia njema. Lakini hizo ni thawabu za nia hiyo, si za swaumu.

Ama wanaokwenda siku moja na nusu au siku mbili bila kula, wakumbuke kuwa Mtume (s.a.w.) aliwakataza Maswahaba kuunganisha swaumu usiku na mchana bila kufuturu. Ikiwa ibada yenyewe imewekewa mpaka, basi mwenye kutafuta umbo ana haki zaidi ya kujiwekea mpaka.

4. Je, nia mbili zinaweza kukaa pamoja?

Hapa tunazungumzia anayefunga swaumu kamili, tangu alfajiri hadi Magharibi, bila maji wala chai, akikusudia ibada, na moyoni anatarajia pia kupungua uzito. Wanachuoni wamelijadili jambo hili zamani. Imam Suyuti katika kitabu chake al-Ashbah wan-Nadhair ameitaja hasa sura ya mtu anayenuia swaumu pamoja na kujizuia chakula kwa ajili ya afya au tiba, akaiweka pamoja na mas'ala ya mtu anayetawadha akinuia pia kupata ubaridi wa maji. Kauli yenye nguvu ni kuwa ibada hiyo inasihi, maana ubaridi na kupungua uzito hupatikana hata bila kuvikusudia.

Ama thawabu, wamekhitalifiana. Imam Ghazali aliangalia lililo kubwa moyoni: ikiwa msukumo wa ibada ndio ulioshinda, anapata thawabu kwa kadiri yake, ukishinda wa kidunia, hana. Imam Izzuddin bin Abdis Salaam aliona nia zikichanganyika hakuna thawabu. Kwa hiyo mwenye busara huifanya ibada iwe ndiyo asili, na kupungua uzito kuwe ni tarajio linalofuata nyuma.

Jipime kwa swali moja: kama ungeambiwa kuwa swaumu ya Jumatatu na Alkhamisi haipunguzi hata robo kilo, ungeendelea kuzifunga? Ukijibu ndiyo, nia yako iko mahali pake.

Kuna jambo la kuzingatia kuhusu wakati wa nia. Swaumu ya sunna, kwa madhehebu ya Shafii, inaweza kunuiwa asubuhi kabla ya jua kupinduka, maadamu mtu hajala wala kunywa chochote tangu alfajiri. Lakini swaumu ya faradhi, na kulipa Ramadhani ni katika hiyo, lazima inuiwe usiku kabla ya alfajiri. Kwa hiyo huwezi kuamka saa nne asubuhi ukiwa na njaa ya mpango wako, kisha ukasema, "basi leo iwe siku ya deni."

5. Siku 12 unazodaiwa

Deni la Allah lina haki zaidi ya kulipwa, wala halitegemei mizani. Unapokwenda kwa daktari, usimuulize kuhusu uzito tu. Muulize: "Je, kwa hali yangu naweza kufunga saa 13 na nusu bila chakula wala maji? Dawa nizigawe vipi kati ya daku na futari?"

Akisema unaweza, na mara nyingi mwenye kisukari kilichotulia huweza baada ya kubadilishiwa aina au saa za dawa, lipa siku zako kidogo kidogo. Si lazima zifuatane. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akilipa deni lake la Ramadhani mpaka mwezi wa Shaabani, basi usivuke hapo bila udhuru. Aliyechelewesha bila udhuru mpaka Ramadhani nyingine ikaingia, kwa wanachuoni wengi atalipa siku zake na atatoa pia chakula kwa kila siku.

Ukiwa umefunga, pima sukari yako mchana. Kikao cha kumi cha Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa kilichofanyika Jeddah mwaka 1997 kiliamua kuwa sindano zisizo za lishe hazifunguzi, wala kutoa damu kwa ajili ya uchunguzi. Tone la kidole ni jepesi zaidi ya hapo. Miongozo ya madaktari wa kisukari kwa Ramadhani inasema sukari ikishuka chini ya 3.9 katika kipimo chetu cha kawaida, au ikipanda juu ya 16.7, fungua mara moja. Hata kama imebaki nusu saa Magharibi iingie, fungua. Siku hiyo utailipa nyingine, wala huna dhambi.

Daktari akisema huwezi sasa lakini hali inaweza kutengemaa, subiri upone ndipo ulipe. Akisema ugonjwa wako hauruhusu kufunga na hakuna matarajio ya kubadilika, basi utatoa fidia: kwa kila siku kibaba kimoja cha chakula kikuu cha eneo lenu, kama mchele au mahindi, umpe maskini. Kwa siku 12 ni vibaba 12. Hiyo ni rehema aliyoiweka Allah katika Suratul Baqarah aya ya 184 na 185, ambamo amebainisha kuwa anatutakia wepesi wala hatutakii uzito.

6. Je, mpango huu unapunguza uzito kweli?

Tunalisema hili kwa sababu watu wanaweka afya zao rehani kwa ahadi kubwa mno. Mwaka 2020 watafiti wa San Francisco, Marekani, walichapisha matokeo ya watu 116 kwa wiki 12. Waliokula ndani ya saa nane tu kwa siku walipungua chini ya kilo moja, na hawakuwa na tofauti ya maana na waliokula milo mitatu ya kawaida. Mwaka 2022 utafiti wa Guangzhou, China, uliwafuatilia watu 139 wenye unene uliokithiri kwa mwaka mzima. Makundi yote mawili yalipunguza kiasi cha chakula, moja likafunga pia saa 16. Waliofunga walipungua kilo 8 kwa wastani, wasiofunga kilo 6.3, na watafiti hawakuona tofauti ya kutegemewa kati yao. Maana yake, kinachopunguza uzito ni kiasi unachokula. Saa zinamsaidia anayezitumia kula kidogo. Hazimsaidii anayefidia usiku alichokosa mchana.

Husambazwa pia kwamba Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2016 imethibitisha kuwa kufunga kunatibu saratani. Si kweli. Mwanasayansi wa Kijapani Yoshinori Ohsumi alipewa tuzo hiyo kwa kugundua namna seli zinavyosafisha na kutumia tena mabaki yake, na kazi yake ya msingi aliifanya kwa hamira. Hakutoa dawa ya saratani, wala swaumu yetu haihitaji habari ya uongo ili ithibitike.

Tiba yetu ya asili iko katika Suratul A'raaf aya ya 31, inayoturuhusu kula na kunywa na kutukataza israfu, na katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi inayoligawa tumbo mafungu matatu: chakula, maji na pumzi. Kwa maisha ya Kolandoto maana yake ni hii: punguza sukari katika chai, soda iwe ya nadra, maandazi na chipsi visiwe chakula cha kila siku. Bonge la ugali au sahani ya wali ipungue, mlenda, maharage na dagaa viongezeke. Michembe na matobolwa ni vyakula vizuri vya kwetu, lakini navyo ni wanga, hivyo mwenye kisukari avile kwa kiasi. Na tembea kwa miguu.

7. Wasiofaa kujaribu kabisa bila daktari

Hao ni wanaotumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari, wajawazito na wanaonyonyesha, watoto, wazee dhaifu, wenye vidonda vya tumbo au maradhi ya figo, na waliowahi kuugua maradhi ya kujinyima chakula.

Tunawaongeza ndugu zetu wa machimbo ya Geita na Kahama. Anayeshuka shimoni au anayebeba mawe juani anapoteza maji mengi kwa jasho. Akipata kizunguzungu ndani ya shimo, anawahatarisha na wenzake. Kama anataka kupungua, apunguze sahani ya usiku, si maji na chakula cha kazini. Na ikifika Ramadhani, anuie, ale daku na aanze kufunga. Akifikwa na mashaka makubwa anayohofia kumdhuru, atafungua na atalipa.

8. Hitimisho

Imepokewa katika Bukhari kuwa Salman (r.a.) alimtembelea Abu Dardaa (r.a.) akamkuta amefunga sunna, akakataa kula mpaka mwenyeji wake ale naye. Akamkumbusha kuwa Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki na ahli zake wana haki, ampe kila mmoja haki yake. Habari ilipofika kwa Mtume (s.a.w.), akamsadikisha Salman. Ikiwa Abu Dardaa alifunguzwa katika ibada kwa ajili ya haki ya nafsi na ahli, basi dada yetu ana sababu zaidi ya kula chai yake ya asubuhi, akiwa na watoto wanaomtegemea na dawa ambayo haimsubiri.

Nenda kliniki wiki hii na vidonge vyako mkononi. Waambie ukweli wote, pamoja na yaliyokutokea sokoni.

Tunamwomba Allah akupe shifaa, awape afya wagonjwa wetu wote, na atukubalie swaumu zetu zikiwa safi kwa ajili yake.

Wallahu a'alam.